Kabla ya Kuuza Miti: Matibabu ya Uraibu kwa Mgonjwa wa Nje na Gharama Zake

Ndugu watazamaji, kamwene kwa mlioko Iringa, Mafinga na Njombe, na mugonile kwa wenzangu wa Rungwe na Kyela. Leo sitawatembeza madukani wala kuwaonyesha theluji ya hapa Columbus, Ohio. Ninajibu swali la mama mmoja wa Mafinga, ambaye mwanawe amezama katika pombe kwa miaka kadhaa, na ambaye tayari amepata mnunuzi wa shamba lake la miti ya mbao ikiwa bado michanga, ili apate fedha za kumweka kijana huyo miezi sita katika nyumba ya upataji nafuu, yaani makazi wanakokaa waraibu wanaoacha ulevi. Anauliza kama huku Marekani nako wazazi huuza mali kwa ajili hiyo, na kama kijana akitoka humo atakuwa amepona.

Shikamoo mama. Nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa riziki yangu ninaipata mapokezi, katika kliniki inayotibu uraibu na magonjwa ya akili kwa wagonjwa wa nje, na kazi niliyopewa ni kumweleza mgonjwa atakacholipa kabla hajaonana na mtaalamu. Ninachokiona kila wiki ni kwamba si ankara kubwa inayowashinda wengi. Kinachowaondoa katika matibabu ni gharama ndogo ndogo za kurudi tena na tena, yaani nauli, siku ya kazi iliyopotea na mtoto aliyekosa wa kumwangalia, ambazo hakuna bima inayoziandika.

Nianze na namna matibabu yenyewe yalivyo. Huku wagonjwa wengi wa uraibu hutibiwa huku wakilala makwao. Anayehitaji uangalizi wa karibu huwekwa katika mpango mzito wa mgonjwa wa nje, ambao kwa mtu mzima huanzia jumla ya saa tisa kwa wiki, na mara nyingi hugawanywa katika vikao vitatu vya saa tatu tatu, vingine vikifanyika jioni ili mwenye ajira asiikose. Akitulia, saa hupunguzwa hadi kikao kimoja kwa wiki. Ndani ya saa hizo kuna mazungumzo ya kikundi, mshauri wa mtu mmoja mmoja, vipimo vya mkojo na daktari wa dawa. Mwenye sonona, au anayesikia sauti, hutibiwa uraibu na ugonjwa huo kwa pamoja, kwa maana ukitibu kimoja na kukiacha kingine, kile ulichokiacha humrudisha mgonjwa alikotoka.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu najua nyumbani watu hufungiwa chumbani ili pombe iwatoke. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, anaweza kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Mwenye historia ya namna hiyo apelekwe hospitali kwanza, pengine alazwe siku chache, ndipo aendelee na matibabu ya nje. Kumfungia ndani na uji wa ulezi si tiba, hata kama jirani anaapa kwamba mjomba wake alipona hivyo.

Sasa malipo. Mwenye bima hapa hulipa kwanza kiasi fulani mfukoni mwake kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Tuseme kiasi hicho ni dola 3,000. Katika bima nyingi hesabu hiyo huanza upya mwezi Januari, kwa hiyo mtu aliyeanza matibabu mwezi Novemba anaweza kulipa fungu hilo mara mbili ndani ya miezi mitatu, na ninyi mlioko huku mnaonisikiliza, nawasihi mliulize jambo hilo siku ya kwanza. Ulizeni pia kama kliniki imo katika orodha ya bima yenu, na kama mpango ule mzito unahitaji kibali cha bima kabla ya kuanza. Sheria ya mwaka 2008 inaizuia bima inayogharamia magonjwa ya akili na uraibu kuyawekea masharti magumu kuliko inayowekea magonjwa mengine, na sheria ya mwaka 2010 ikayaingiza matibabu hayo katika huduma za lazima kwa bima nyingi ambazo watu hujinunulia wenyewe. Kwa hiyo bima ikikataa, kuna haki ya kukata rufaa, na rufaa nyingine hushinda.

Kuna barua moja inayonisumbua kuliko zote. Baada ya kila hudhurio bima humtumia mwanachama karatasi yenye safu za tarakimu, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichopunguzwa na kiasi kilicholipwa, na mahali fulani imeandikwa kwamba hiyo si ankara. Mgonjwa huona tarakimu ya juu kabisa, dola mia kadhaa kwa jioni moja, hasomi maneno yale, na wiki inayofuata haji. Nikimpigia simu, ananiambia kwamba hana uwezo, ilhali anachodaiwa kweli ni dola ishirini. Karatasi hiyo hutumwa kwa jina la mwenye bima, kwa hiyo kijana anayetumia bima ya mzazi huogopa pia kwamba siri yake itajulikana mezani.

Asiye na bima naye hakosi mlango. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu hupunguza malipo kulingana na kipato, na tangu mwaka 2022 asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kutibiwa. Medicaid, ambayo ni bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, hulipia matibabu haya, na Ohio iliipanua mwaka 2014 hadi kwa watu wazima wasio na watoto. Lakini wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kujiunga, na jambo hilo Watanzania wengi hulijua wakiwa tayari wameugua.

Turudi Nyanda za Juu Kusini. Huduma ya methadoni, ambayo ni dawa ya kunywa kwa waraibu wa heroini na dawa za kulevya za aina hiyo, ilianza Tanzania Bara mwaka 2011 pale Muhimbili, na leo ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Hutolewa bure. Mgonjwa hufika dirishani, hupimiwa dozi katika kikombe kidogo, hunywa mbele ya mhudumu, na huzungumza kidogo ili ionekane kwamba amemeza. Mwanzoni hufanya hivyo kila siku, Jumapili ikiwemo. Dawa ni bure, ndiyo, lakini mtu wa Tunduma yuko kilomita zipatazo 100 kutoka Mbeya mjini, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku, kwa mwezi mzima, ni zaidi ya kodi ya chumba katika mitaa ya Soweto au Mabatini hapo Mbeya. Ndugu mwenye fedha za kumsaidia mtu huyo ampangishie chumba karibu na hospitali. Ninakuta michango mikubwa ikienda kwa waganga wa kienyeji na maombi ya kulipia, huku mgonjwa akikosa dozi kwa sababu ya nauli, na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, ikianza ndiyo hiyo anarudi kijiweni.

Methadoni haitibu pombe, mama, kwa hiyo dirisha hilo si la kijana wako. Yeye aanzie katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, akiwa na mtu wa kumsindikiza, na aeleze kiasi anachokunywa bila kukipunguza, iwe ulanzi, komoni au gongo. Zipo dawa za kupunguza hamu ya pombe, mojawapo naltreksoni, na daktari ndiye atakayesema kama inafaa na kama inapatikana. Kabla ya kulipa chochote, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa maana sera ya nchi inawaweka wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaosamehewa kuchangia gharama, na msamaha huo haumfuati mtu nyumbani, lazima uombwe. Kwa ushauri wa dawa za kulevya kuna namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo haitozi.

Nyumba ya upataji nafuu siipingi, na zipo zilizowasaidia watu. Ila uliza kama imesajiliwa, kama daktari huifikia, na hasa nini hufuata mwezi wa saba. Kama jibu la swali hilo la mwisho ni kimya, basi unanunua miezi sita ya kijana kuwa mbali na kilabu, na kilabu kitakuwa palepale. Miti yako ikikomaa italipia miaka ya kliniki, na leo itakuondokea kwa bei ya mnunuzi.

Kwenu wanandugu wa ughaibuni mnaochangishana kwenye makundi ya WhatsApp, msitume laki nyingi kwa mara moja. Gawanyeni mchango wenu katika mwaka mzima, utumwe kila wiki kwa simu, utoshe nauli ya watu wawili na chakula cha mchana siku ya kliniki, na upokelewe na yule anayemsindikiza mgonjwa, wala si mgonjwa mwenyewe, wala si mkubwa wa ukoo aliyeko Dar es Salaam.