Hatari iko chini ya theluji

Aksanti kwa kuja, wapapa na wamama, na nyie vijana mliojaa mpaka mlangoni. Kuna papa ameniuliza pale nje, theluji inahusu nini watu wa Bukavu? Papa, watoto wetu wako Ufaransa, wako Uswisi, wako Kanada, wikendi wenzao wanawaita twende kuskii, ni kuteleza juu ya theluji na mbao ndefu miguuni, na si kwenye njia zilizotengenezwa, hapana, huko nje kwenye mlima mtupu, na mtoto anaenda ju ameona ni pazuri, hakuna mtu amemwambia theluji ya mlima inaweza kuporomoka imfunike.

Huku kwetu tunajua udongo ukishuka. Bushushu na Nyamukubi, vile vijiji vya Kalehe, Mei 2023, walikufa zaidi ya watu 400. Wale mlima uliwafuata nyumbani. Lakini kwenye theluji, wengi wanaokufa wakiskii, poromoko wameliamsha wao wenyewe ama mwenzao aliye juu yao, na hiyo njo inaniuma, ju ingeweza kuepukwa.

Sogeeni muone. Huu ni ubao, nimemwaga sukari, juu yake unga wa muhogo nimeukandamiza kwa mkono. Nainua upande mmoja pole pole… bado… bado… mmeona? Unga haujamwagika kama unga, umekatika kipande kizima kama sahani, umeteleza juu ya sukari. Ni vile vile. Theluji ikiwa kidogo na baridi ikiwa kali siku nyingi, mvuke unapanda toka chini, chembe za chini zinageuka kama sukari, hazishikani tena, halafu upepo unaleta theluji nyingine unaipakia juu, inakuwa ngumu, mtu anaona iko imara kabisa na kumbe imelala juu ya sukari.

Na mteremko wenyewe si ule wa kutisha sana, ni digrii 30 mpaka 45. Ukisikia chini ya miguu mlio mzito, vuuf, kama gunia la mchele limeangushwa, hapo chini kumekatika. Toka. Usibishane na mwenzako, toka.

Ulaya wanatangaza hatari kwa namba 1 mpaka 5, na wengi wanakufa siku za namba 3, ju siku ya 5 watu wanabaki nyumbani, siku ya 3 kila mtu anasema leo inawezekana.

Ukifunikwa, dakika 10 za kwanza wengi sana wanatolewa wazima, ikifika nusu saa wengi wameshakosa hewa. Helikopta haiwahi. Anayekuokoa ni mwenzako, tena awe na kiapareyi, kale kachombo ka kutafuta mawimbi ya redio yanayotoka kwenye chako ulichovaa, fito ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi, na awe alishajizoeza navyo.

Kwa hiyo kwenye mteremko mnapita mmoja mmoja. Wengine wanasimama pahali salama, wanamwangalia tu huyo anayepita, jicho halitoki kwake mpaka afike.