Redio Ikizimwa, Kazi Inaanza

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Elias kama kawaida. Leo tuko kwenye redio ya mwaka 1973, na nitawaeleza kwa nini inatuhusu sisi tunaoshinda na simu mkononi.

ELIAS: Mwaka 1973 ni Mtu ni Afya hiyo, dada, ile kampeni ya redio ya kuzuia magonjwa.

ZUHURA: Hiyo hiyo. Kumbuka Tanzania Bara hakukuwa na televisheni kabisa. Zanzibar walianza na ya rangi miaka hiyo ya sabini, Bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo kutoka Bukoba hadi Mtwara sauti iliyotufikia wote ni ya Redio Tanzania. Na redio haikuwa kila nyumba. Betri zikilegea zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, ziwahi taarifa ya habari. Asiyekuwa nayo anaenda kwa jirani.

ELIAS: Watu walishazoea kusikiliza kwa pamoja.

ZUHURA: Na kampeni ikajengwa juu ya mazoea hayo. Wiki 12, vikundi nchi nzima, watu kama milioni 2. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walifika takriban 75,000. Sasa tazama kikao chenyewe. Watu wanakaa, redio inawashwa, kipindi kikiisha inazimwa. Kazi inaanza hapo. Mmoja anasoma kitabu cha kampeni kwa sauti, maana wengine hawajui kusoma. Halafu wanaulizana: hapa kwetu mbu wanazalia wapi? Wanainuka kwenda kuangalia. Madimbwi, makopo yenye maji, majani marefu nyuma ya nyumba. Wanakubaliana nani afanye nini, na kikao kinachofuata unaulizwa mbele ya wenzako kama umefanya.

ELIAS: Na vyoo vikachimbwa.

ZUHURA: Vingi mno. Mtu aliyekuwa akiona homa ni mambo ya Mungu tu, akaanza kuona kopo la maji uani kwake. Uani ni ule ule, macho ndiyo yamebadilika.

ELIAS: Hapo nikubane kidogo, dada yangu. Redio ilikuwa moja, ya Serikali. Vituo binafsi vimekuja miaka ya tisini. Kikundi kinasikiliza sauti moja, kiongozi ameandaliwa, kitabu kimeandaliwa. Hapo watu walijadili au walipokea maagizo?

ZUHURA: Maagizo yalikuwepo, siwezi kukataa. Mwanakijiji hakuwa na pa kusema kwamba kampeni hii haifai.

ELIAS: Na kusikiliza pamoja peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Majirani zetu Rwanda, kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo 1993. Muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, maneno ya mtaani. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikuwa kwenye vizuizi vya barabarani, redio pembeni, inataja watu wa kusakwa. Walisikiliza kwa pamoja vilevile. Waanzilishi wake wawili walihukumiwa hapa hapa Arusha, Desemba 2003, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa.

ZUHURA: Mfano huo unaniumiza kila ninapoufikiria. Lakini angalia tofauti, Elias. Kikundi cha Mtu ni Afya kiliambiwa mbu anazalia kwenye maji yaliyotuama, kikatoka kwenda kuangalia maji. Pale kizuizini nani angesimama aseme, ngojeni kwanza, huyu jirani yetu kweli ni adui? Aliyethubutu alihatarisha roho yake. Kwangu mimi swali kubwa ni hilo: ukishasikia, una nafasi ya kuuliza na kwenda kuhakikisha?

ELIAS: Basi tuje kwenye simu. Kwenye simu nafasi ya kuuliza iko tele.

ZUHURA: Iko, ila kidole kina kasi kuliko swali. Ujumbe wa sauti unaingia kwenye grupu la familia saa nne usiku, mtu analia kwamba watoto wanaibwa. Unausikiliza peke yako, umelala, taa imezimwa. Ni sauti ya mtu, si maandishi, kwa hiyo moyo unaamini kabla akili haijaamka. Ukishtuka umeshausambaza.

ELIAS: WhatsApp wenyewe waliliona. Januari 2019 wakaweka kikomo, ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya watu au magrupu 5 kwa mara moja. Aprili 2020, ule uliokwisha kusambazwa sana ukabaki kupelekwa sehemu moja moja.

ZUHURA: Wakapunguza mwendo. Ni vizuri, lakini nani anauliza? Kwenye grupu letu admini kazi yake kuingiza watu na kuwatoa. Mimi namtaka afanye kazi ya yule kiongozi wa kikundi: hii imetoka kwa nani, imetokea wapi, nani yuko karibu aende akaangalie?

ELIAS: Grupu la watu 200, dada? Atachoka.

ZUHURA: Aanze na la familia. Shangazi yupo huko huko kijijini kunakosemwa watoto wanaibwa. Apigiwe simu.

ELIAS: Wasikilizaji, kama uliwahi kukaa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, au mzazi wako alikaa, tutumie ujumbe wa sauti. Tuambie mlikutana wapi, nani alisoma kitabu, na kama kuna kitu mlikataa.

ZUHURA: Hicho mlichokataa ndicho ninachokitaka zaidi.