Kobe na samaki tangi moja: nani anamuua nani?

Haya jamani karibuni, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vya mbele havijawekewa mtu. Mada ya leo kila mwenye tangi la samaki ameshaiwaza, kwamba hivi nikiweka humu kakobe kadogo itakuwaje, na mwenye kobe nae anaangalia yale maji yote yamekaa tu anasema hapa wangepita samaki wawili watatu pangependeza. Jibu fupi ni inawezekana. Jibu refu ndo tumepewa hii saa nzima.

Kwanza tuelewane ni kobe gani. Sio yule wa nchi kavu, yule ukimtia kwenye maji marefu anazama na anakufa, na wapo wanaofanya hivo kwa vile tu wameambiwa ni kobe. Kasa wa baharini nae tumuache huko huko baharini. Tunaongelea hawa wa mito na mabwawa, wenye utando kwenye vidole, na hasa yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans, ambae ndo anauzwa kuliko wote duniani. Anauzwa akiwa mdogo anaenea kiganjani na nafasi inabaki, kijani kizuri, macho makubwa, mtu anayeyuka moyo pale pale dukani. Muuzaji hamwambii kwamba jike la huyo kitu gamba lake linafika sentimita 25 hadi 30, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 20, 30, wengine wanagonga 40. Yani unaweza kumnunulia mtoto wako halafu mjukuu akaja kumlisha.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nikiuliza hapa kobe anamuuaje samaki, wote mtasema anamla. Kweli anamla, sikatai, hana meno lakini taya zake zina makali ya kutosha kukata pezi au kumkata samaki mdogo vipande viwili. Ila kwenye matangi mengi niliyoyaona samaki wanaanza kufa kabla hata hawajaguswa, wanaelea tu asubuhi wakiwa wazima mwili mzima, na mwenye nyumba anashangaa mbona hana jeraha. Kinachomuua ni maji.

Sikilizeni vizuri hapa, hiki ndo kiini cha mambo yote ya leo. Kobe anavuta hewa kwa mapafu, anapanda juu, anatoa pua, anashuka. Samaki anapumua kwa matamvua, na matamvua yanaguswa na yale maji kila sekunde. Kobe anakula sana, tena protini nyingi, na anakula ndani ya maji kwa sababu bila maji hawezi kumeza vizuri, anararua chakula mabaki yanatawanyika, halafu anajisaidia humo humo. Vyote hivyo vinaoza vinatoa amonia. Amonia inachoma matamvua ya samaki, wakati kobe yuko pale pale anaogelea anakuangalia anaomba chakula. Yani maji yanaweza kuwa sumu kabisa kwa samaki na kobe asikuonyeshe dalili yoyote leo wala kesho, kwa hiyo usimtumie yeye kama kipimo. Nunua vile vipimo vya maji vya matone, amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitreti jitahidi isivuke miligramu 40 kwa lita, na ikiwa 20 ni bora zaidi.

Na hizo sifuri hazipatikani kwa kusafisha kioo. Zinapatikana kwa bakteria wanaoishi ndani ya filta, kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitreti ambayo haina ukali ule, halafu nitreti we unaitoa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya linahitaji kama wiki 4 mpaka 6 hao bakteria wajijenge. Mtu ananunua tangi Jumamosi, Jumapili kaweka kobe na samaki, Jumatano analalamika kauziwa samaki wagonjwa! Halafu sponji ya filta usiioshe kwenye bomba, maji ya bomba yana klorini na klorini kazi yake ni kuua bakteria, unakuwa umeua wafanyakazi wako wote kwa mkono wako. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa humo humo tangini. Na wale mnaolaza maji kwenye ndoo usiku kucha, hio inasaidia kama ni klorini ya kawaida, ila sehemu nyingine wanatumia kloramini, yani klorini iliyounganishwa na amonia, na hio haiondoki kwa kulazwa, inataka dawa yake.

Filta yenyewe soma lile boksi limeandikwa inafaa tangi la lita ngapi halafu lidharau. Wanahesabu samaki, hawahesabu kobe. Tangi la lita 400 litafutie filta ya tangi la lita 800 hadi 1200, zile za mkebe wa nje zenye mabomba mawili ndo zinafaa zaidi. Mbona lita 400? Kwa sababu hesabu tunayoenda nayo ni kama lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za gamba, sasa kobe wa sentimita 25 piga mwenyewe. Na hapo ni kobe peke yake, samaki hujawawekea hata tone.

Vifaa vingine nitapita haraka. Kobe lazima apate sehemu kavu ya kuota jua, atoke majini mwili mzima, pale juu joto liwe kama nyuzi 30 hadi 35 na maji yawe nyuzi 24 hadi 26. Anahitaji taa ya UVB, yani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, masaa 10 hadi 12 kwa siku, bila hio mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haitumiki, gamba linalainika na mifupa inapinda. Jua la dirishani halihesabiki, kioo kinazuia ile miale. Na taa ikiendelea kuwaka msidhani bado inafanya kazi, UVB inaisha kabla ya mwanga, badilisha kila miezi 6 hadi 12 kutegemea na aina. Hita iwekewe kinga, kobe ni mgongaji, anavunja kioo cha hita halafu hapo ni umeme na maji. Kokoto ndogo toa zote, anazimeza zinamziba utumbo.

Samaki gani sasa? Hapa ndo mnapenda.

Goldifishi watu wanaanza nae kwa sababu ni rahisi kumpata, na mimi ndo wa kwanza kumkataa. Anapenda maji ya ubaridi kuliko kobe, na yeye mwenyewe ni mchafuzi mkubwa kwa hiyo unakuwa na wachafuzi wawili filta moja, wale wenye mikia mirefu wanaogelea taratibu kama wanaenda harusini, wanaliwa. Na kobe akizoea kuwala kuna tatizo lingine, nyama yao ina kimeng'enya kinaitwa thiaminesi ambacho kinaharibu vitamini B1, kobe anaishia kuumwa akiwa ameshiba. Pleko, yule anayesugua vioo, watu wanamleta afanye usafi, kumbe usiku anaweza kugeukia gamba la kobe akaanza kulisugua, na mapezi yake yana miiba ambayo kobe akijaribu kummeza inaweza kumkwama kooni. Sikilidi, ukoo mmoja na perege, wako imara kweli ila ni wagomvi, wapo wanaomng'ata kobe mkia na vidole, hasa wakiwa na mayai. Neoni na vidogo vidogo vya namna hio, samahani, hio ni karanga.

Wanaobaki ni wepesi wanaoenda kwa kundi. Danio, barbi wa saizi ya kati. Gapi nao watu wanawapenda kwa sababu wanazaana haraka kuliko wanavyoliwa, sawa, ila hapo tuwe wakweli, hujafuga samaki na kobe, umefuga chakula. Sina ugomvi na anayetaka hivo, mradi ajue anachofanya na asiniite kulia kwamba leo wamebaki watatu.

Upande wa kobe pia kuna kuchagua. Sternotherus odoratus, yule mdogo anayetoa harufu mbaya ukimsumbua, anaishia sentimita 8 hadi 13 hivi, muda mwingi anatembea chini ya tangi badala ya kukimbiza vitu, huyo ndo mwenye nafuu. Konokono na kamba wadogo atawamaliza wote lakini. Kobe wa gamba laini na yule mng'ataji mwenye mkia mrefu, hao usijaribu na samaki yeyote unaempenda.

Kuna dada hapa ameuliza, akimshibisha kobe si hatawagusa samaki? Hapana dada yangu. Kobe halengi njaa, analenga nafasi. Samaki akilala usiku pembeni, akiumwa akaogelea upande, akanaswa kwenye kona, anakula hata kama ametoka kushiba nusu saa iliyopita. Kinachosaidia ni nafasi kubwa na maficho, mabomba membamba ambayo samaki anapita na kobe hapiti kabisa. Nimesema kabisa, kwa sababu akiweza kuingiza nusu mwili halafu akakwama, anakufa maji, ni wa majini lakini bila hewa anakufa.

Na wale wa kuwakuza pamoja tangu wadogo ili wazoeane? Wanazoeana mpaka siku kobe anapofikia ukubwa wa kummeza mwenzake. Bora ukate tangi kwa ukuta wa akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, wenye matundu, maji yanapita, midomo haipiti.

Kabla sijasahau, mikono. Kobe anabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila yeye kuumwa, Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Kwa hiyo vyombo vya tangi visiingie jikoni, watoto chini ya miaka 5 wasimshike. Na kobe akikushinda usiende kumtupa mtoni. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza hawa wa mstari mwekundu mwaka 1997, na 2016 wakawaweka kwenye orodha ya viumbe vamizi, sababu ni watu waliochoka wakaenda kuwaachia kwenye mabwawa, wakawabana kobe wa asili wa pale.

Swali la mwisho basi, mzee wangu pale. Umeme ukikatika afanye nini. Swali zuri sana hilo! Filta ya mkebe ikisimama masaa mengi bakteria ndani wanakosa oksijeni wanakufa, maji yaliyofungiwa mle yanaoza, umeme ukirudi inawaka yenyewe inamwaga uozo wote juu ya samaki. Kwa hiyo chomoa kwanza plagi. Weka pampu ya hewa ya betri. Umeme ukirudi fungua mkebe, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndo uwashe, na siku chache zinazofuata pima amonia kila siku. Na wakati wote huo wa giza usilishe mtu, halafu mtoe kobe umuweke kwenye beseni lenye maji kidogo na jiwe la kupandia, yeye atavumilia. Samaki ndo wabaki tangini.