Karate ya dojo na Karate ya shambani: kuchora ramani ya machapisho ya sayansi

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nianze na kilichonikuta. Niliketi mbele ya kompyuta nikaandika neno moja tu, karate, kwenye hifadhidata ya makala za sayansi. Nilitaka kujua watafiti wamechunguza nini kuhusu sanaa hii ambayo wengi wetu humu tumeitolea jasho. Makala za juu zilihusu mateke, mapigo ya moyo, majeraha. Nikashuka, nikakuta viwavi wa pamba. Nikashuka tena, mbu. Chini zaidi, samaki waliodhuriwa na sumu.

Wakulima mlio hapa mmeshaelewa. Karate ni jina la dawa ya kuulia wadudu, ile yenye kemikali ya lambda-sihalothrini. Kompyuta haijui dojo, yaani ukumbi wa kufanyia mazoezi ya karate, wala shamba; inajua herufi sita tu.

Nimeanza hapo kwa sababu ramani ninazozungumzia leo huchorwa na kompyuta kutokana na maneno. Unakusanya makala, unatoa maneno msingi, kila neno linakuwa duara. Likitajwa sana, duara linanenepa. Maneno mawili yakikutana mara nyingi katika makala zilezile, yanasogezwa karibu. Mimi natumia VOSviewer, programu iliyotengenezwa na Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Usipochambua makala zako kwanza, programu itakuchorea kisiwa kizuri chenye rangi yake, kimejaa wadudu, nawe utaandika kwamba wanakarate wanachunguza viwavi. Nilisoma muhtasari mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo inachosha macho, lakini sijaona njia ya mkato ninayoiamini.

Ramani inaweza pia kuchorwa kwa marejeo: makala mbili zikitajwa pamoja mara kwa mara na waandishi wa baadaye, zinahesabiwa majirani. Henry Small alilitoa wazo hilo Marekani mwaka 1973. Mwaka huohuo Irina Marshakova alilitoa Moscow, bila wao kushauriana. Marshakova aliandika kwa Kirusi, na hadi leo jina la Small ndilo linalotangulia.

Lugha inaamua nani aonekane, na kwa karate jambo hili linauma zaidi. Sanaa hii imetoka Okinawa. Zamani jina lake liliandikwa 唐手, yaani mkono wa China. Oktoba 1936 walimu walikutana mjini Naha, wakaafikiana kuandika 空手, mkono mtupu. Yote mawili husomwa karate. Basi mtafiti akitafuta kwa maandishi mapya pekee, ya wazee wale waliotangulia yanampita. Akitafuta kwa herufi zetu hizi pekee, anaikosa sehemu kubwa ya Japani, halafu anatuonyesha ramani ya karate ambayo kule karate ilikotoka pana ukungu.

Lipo duara moja ninalolipenda, la fizikia. Mwaka 1979 Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk walichapisha uchunguzi wao wa jinsi mkono unavyovunja mbao na zege, wakaonyesha kwamba pigo la mwanakarate linaweza kupita nguvu ya niutoni 3,000. McNair, Mmarekani mweusi kutoka South Carolina, alikuwa na shahada ya uzamivu ya fizikia na mkanda mweusi wa karate. Baadaye akawa mwanaanga, akafa ndani ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, mwezi Januari 1986. Ramani inaonyesha jina lake na mistari inayomuunganisha na wenzake wawili. Mkanda wake hauonekani popote. Kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Sasa ombi, hasa kwa wanafunzi wa elimu ya viungo. Tasnifu yako ya Kiswahili ikilala rafuni bila muhtasari uliosajiliwa, haina duara. Andika muhtasari kwa lugha mbili. Kwenye maneno msingi usiache karate peke yake: ongeza sanaa za mapigano, ongeza kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) au kumite (pambano la wawili) kama ndiyo uliyochunguza, ili atakayekuja kutafuta asikuchanganye na dawa ya pamba.

Naomba taa zipunguzwe. Nawaonyesha ramani ileile mara mbili, kwanza ikiwa na viwavi wake, kisha bila wao.