Tuanzie Kabatini
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa shule zinazoanza mradi wa pamoja wa kimataifa kuhusu matumizi endelevu na ya kuwajibika ya teknolojia)

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokubali kuubeba mradi huu, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa niseme mradi kama huu uanzie wapi. Uanzie kabatini. Kila shule inalo kabati hilo: kompyuta mpakato zisizowaka, vishikwambi vyenye vioo vilivyopasuka, chaja zisizo na mwenyewe, nyaya zilizosokotana. Kabla hamjachora bango hata moja, kabla hamjafungua kikao cha video na wenzenu wa nchi nyingine, lifungueni, mtoe kila kitu mezani.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kushiriki mradi wa shule wenye kaulimbiu inayofanana na hii yetu, na hatua yake ya kwanza ilikuwa kununua vishikwambi vipya. Picha zikapigwa, wageni wakapongezana. Miaka miwili baadaye vishikwambi vile vilikuwa vimelala kwenye boksi, betri zimevimba, na mtu pekee aliyejua nywila ya usimamizi alikwisha kuhama. Tulizalisha taka kwa jina la mazingira. Boksi lile sijalisahau mpaka leo.

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3. Nyingi kati ya zilizobaki huishia majalalani, au mikononi mwa watu wanaochoma nyaya ili wapate shaba, huku wakiuvuta moshi wake.

Hapo mtu huniuliza: basi si tuchakate zaidi? Tuchakate, ndiyo. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya vifaa chakavu tangu Aprili 2017 hadi Machi 2019, wakapata tani 78,985, zikiwemo simu milioni 6.21. Humo zilitoka kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha, na medali zote zipatazo 5,000 zikatengenezwa kwa metali iliyopatikana kwa njia hiyo. Ni kazi ya kuheshimiwa, isimulieni darasani. Ila muitazame pia kwa jicho la pili. Kilichorudi ni metali. Umeme uliotumika kutengeneza chipu, maji yaliyosafishwa mpaka mwisho, kemikali, miezi ya kazi kiwandani, hivyo havirudi. Simu ikishasagwa, vimekwenda. Na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ambayo simu husababisha maishani mwake hutoka kabla mnunuzi hajaiwasha kwa mara ya kwanza.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Katika jambo hili hesabu iko upande wao: kompyuta ikiongezewa miaka mitatu ya kazi, mazingira hupata nafuu ambayo hakuna chombo cha kuchakatia kinachoweza kuileta.

Sasa turudi mezani, kwenye vitu mlivyovitoa. Andaeni daftari. Kila kifaa kiwe na mstari wake: kilinunuliwa lini, kinawaka au hakiwaki, ugonjwa wake ni upi, nywila yake anayo nani, na masasisho ya usalama yanakoma lini. Hilo la mwisho husahaulika mno. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri haziwezi kupokea toleo linalofuata kwa sababu prosesa zake, yaani chipu kuu, ni za zamani au hazina chipu ya usalama inayodaiwa. Shule inaambiwa ibadilishe maabara nzima. Kabla ya kukubali, wekeni Linux, mfumo mwingine wa bure, kwenye kompyuta moja, ongezeni kumbukumbu (RAM), ondoeni diski ile ya kuzunguka muweke ya kisasa isiyozunguka (SSD). Wanafunzi wa sekondari wenye mwalimu mvumilivu huimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Betri iliyovimba msiiguse kwa bisibisi. Hiyo apelekewe fundi.

Kisha waandikieni wanaoinunulia shule vifaa. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya sharti ziendelee kupata masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kuacha kuuzwa, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7. Mahali popote duniani mwanafunzi anaweza kuuliza maswali hayo hayo kabla ya kuulizia bei: masasisho mpaka lini? Betri inabadilishwaje? Kipuri nakipata wapi?

Sasa, umataifa wa mradi huu ni wa nini? Kwa maoni yangu, hakuna shule inayoweza kuyaona maisha ya simu yote ikiwa peke yake. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lithiamu nyingi hutoka Australia na Chile. Simu nyingi huunganishwa China, India na Vietnam, kisha hutumika kila mahali na kuharibikia kila mahali. Mtoto anayeishi karibu na mgodi anajua jambo asilolijua mtoto anayeishi karibu na duka la simu, na anayeishi karibu na jalala anajua jingine kabisa. Waacheni waulizane. Naogopa sana mradi ambamo upande mmoja ni wa kutoa na mwingine ni wa kushukuru.

Na kwa hilo, jihadharini na misaada. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi hadi nchi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe hatari au zisiwe hatari, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Kompyuta isiyowaka ikipelekwa shule rafiki ni taka, hata ikifungwa utepe. Na ile inayowaka ifutwe data kabisa kabla ya kutoka mlangoni, kwa maana alama za wanafunzi na picha zao zimo humo.

Picha zenyewe nazo tuziangalie. Miradi ya shule hupenda kuonyesha nyuso za watoto. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilieleza wazi kwamba haki za mtoto, ikiwemo faragha, zinamfuata hata mtandaoni. Mzazi aombwe ruhusa, na mtoto mwenyewe aulizwe. Akikataa, asibembelezwe.

Wapo watakaotaka tushughulikie akili unde na vituo vya data, yale majengo yenye kompyuta zinazohifadhi barua pepe na picha zetu za mtandaoni. Ni sawa, vituo hivyo vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, na matumizi yanapanda haraka. Ila kuwaambia watoto wafute barua pepe za zamani ili kuiokoa dunia, mimi nisingetumia kipindi kizima kwa hilo. Kipindi hicho nipeni nibadilishe betri moja.

Kikao chetu cha kwanza cha pamoja nisingependa kifunguliwe kwa hotuba. Kila shule ilete kifaa kimoja kilichotoka kabatini hakiwaki na sasa kinawaka, na mwanafunzi aliyekitengeneza aeleze alikuta nini ndani. Shule ambayo kimewashinda ikilete hivyo hivyo, kifunguliwe mbele ya kamera, na wenzao wa upande wa pili waanze kuuliza.