Chumvi kwenye mboga ya baba

RAMA: Karibuni wasikilizaji, tuko hapa Ujiji, Kigoma. Leo tunazungumzia chumvi kwenye chakula cha baba yangu, ambaye anaumwa figo. Shangazi, shikamoo.

MWAMVUA: Marahaba, mwanangu. Baba yako kaamkaje?

RAMA: Miguu imepungua kuvimba. Ila nimekuja na hii pakiti. Muuzaji kaniambia ni chumvi ya watu wa presha.

MWAMVUA: Hebu soma hapo nyuma.

RAMA: "Kloridi ya potasiamu."

MWAMVUA: Basi isiingie jikoni kwake! Mwenye presha ambaye figo zake ni nzima inaweza kumfaa. Lakini figo zikichoka zinashindwa kutoa potasiamu, inajaa kwenye damu, na ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Na kaka yangu anatumia losartani, dawa ya presha. Ni dawa nzuri, asiiache, ila nayo inapandisha potasiamu.

RAMA: Duh. Na mimi nilidhani nimemsaidia.

MWAMVUA: Hata muuzaji hajui, ndiyo maana nataka tuliseme leo.

RAMA: Turudi basi kwenye chumvi ya Uvinza? Bibi anasema ile ni ya asili, imetoka kwenye chemchemi.

MWAMVUA: Nimekua nayo, naipenda. Lakini ukishachemsha yale maji yakakauka, kinachobaki ni chumvi kama ya dukani tu. Mgonjwa wa figo asipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo uhesabu vyote: mkate, achari, vile vidonge vya mchuzi. Soya sosi kijiko kikubwa kimoja kina karibu miligramu 900 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na kikomo cha siku nzima ni 2,000.

RAMA: Kijiko kimoja tu!

MWAMVUA: Kimoja. Na vidonge vya mchuzi ndivyo vinatuponza zaidi. Mtu anavunja viwili kwenye sufuria, halafu anaonja, anaongeza na chumvi.

RAMA: Tomato sosi je?

MWAMVUA: Kijiko kimoja si kesi, usimimine mpaka chipsi zielee. Nyanya ya kopo ndiyo ya kuangalia, maana ni nyanya nyingi zimekaushwa pamoja na potasiamu yake. Vipimo vya damu vikionyesha potasiamu iko juu, weka nyanya mbichi moja. Ikiwa sawa, usimnyime bure, muulize daktari wake.

RAMA: Sasa ladha itoke wapi?

MWAMVUA: Jana nilimpikia samaki, mgebuka. Nilikaanga kitunguu kwenye mawese kidogo mpaka kikalainika, nikatia kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga, pilipili mbuzi nzima isipasuke. Chumvi nilibana kwa vidole viwili, basi. Ndimu nikaikamulia baada ya kuepua, ikichemka ile harufu yake nzuri inapotea. Na kile kichupa cha chumvi cha mezani nimekiondoa.

RAMA: Akala?

MWAMVUA: Wiki ya kwanza alikuwa anasukuma sahani, mpaka nikaingia chumbani kulia. Jana kamaliza, akaniuliza, "Dada, leo umeongeza chumvi?"