Cheni ya taimingi ya V8 lita 6.0: cheni si kazi, kazi ni oringi

Assalaam aleikum jamaa zangu, karibuni tena gerejini kwetu Wadi Kabir, Muscat. Khalfan, inarekodi? Taa nyekundu ipo? Haya.

Injini hii mnayoiona kwenye stendi ni V8 ya lita 6.0 ya Chevrolet Lumina SS, gari ile ile ambayo Waaustralia wanaiita Holden Commodore, huku Ghuba ikaletwa kwa jina la Chevrolet. Mwenyewe anaichezea drifti, mchezo wa kuteleza na gari kwa makusudi. Maana yake injini hii haijui kutembea, inajua kupiga mayowe tu. Ameileta analalamika kwamba asubuhi ikiwaka inagonga mbele kama mtu anatikisa kopo la misumari, halafu kwenye mizunguko ya chini imekuwa nzito, haivuti kama zamani.

Hizo ni dalili za cheni ya taimingi, ile inayofunga krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemu, shafti inayofungua valvu, ziende pamoja. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakivutiki kama mpira. Pini zake ndizo zinazolika. Kila kiungo kinapoteza unywele mmoja, ukijumlisha nyele zote hizo kemu inabaki nyuma ya krenki, valvu zinachelewa, na nguvu ya chini inapotea. Springi za valvu zikiwa ngumu na mguu ukiwa mzito, ndio kulika kunazidi.

Sasa kuchagua, maana hapa ndipo mnapotupa pesa. Mtu anakuja ananiambia, "Ami, nataka cheni ya safu mbili, ndiyo imara." Imara kweli, sikatai. Lakini kwenye familia hii ya injini, inayoitwa LS, pampu ya oili imekaa kwenye pua ya krenki, mbele ya cheni kabisa. Cheni ya safu mbili ni nene, kwa hiyo lazima pampu isogezwe mbele kwa washa maalumu, vile vipete vya chuma. Usipoweka washa, cheni inasaga mgongo wa pampu. Mimi kwa gari ya mtaani na drifti ya wikendi nafunga safu moja iliyo nzuri. Corvette C5-R, gari la mbio la Chevrolet, ilishinda daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2001, na ukiuliza cheni ya C5-R dukani utapewa ya safu moja. Sasa wewe unakwenda Seeb na kurudi, safu mbili za nini?

La pili, angalia gia ya kemu. Injini za zamani, LS1 ya lita 5.7, sensa ya kemu iko nyuma ya bloku, gia haina alama za sensa. Hizi za baadaye sensa iko mbele kwenye kava, nayo inasoma uso wa gia. Kuna gia za alama moja, kuna za alama nne. Ukifunga isiyo yake, kompyuta inachanganyikiwa. Na pia kuna kemu za bolti tatu na za bolti moja. Usiagize spea kwa mwaka wa gari, fungua kwanza uone kwa macho yako.

Haya, kufungua. Mkanda, pampu ya maji, hizo mnazijua, tumeshatoa. Bolti ya puli ya krenki ni ya spana 24, imekaza kama dhambi. Puli vuta kwa pula, na kabla hujavuta tia kipande cha chuma ndani ya tundu ili pula isiharibu nyuzi za bolti ndani ya krenki. Kava la mbele, bolti zake, toa. Injini geuza kichwa chini, sampu, lile bakuli la oili, toa.

Oili mmwage kwanza kabla ya kugeuza. Nalisema hili kwa sababu ya mtu mmoja anayeshika kamera. Lile doa pale sakafuni, Khalfan, waonyeshe. Mbona hulionyeshi?

Sasa bomba la kunyonyea oili. Hili hapa, linatoka kwenye sampu linaingia ubavuni mwa pampu, na pale kwenye pampu limeshikwa na bolti moja tu. Mwisho wake kuna oringi, pete ya mpira ya kuziba hewa isiingie. Toeni oringi ya zamani, na muitoe yote, isibaki kipande ndani. Tutarudi kwenye oringi. Tutairudia mpaka mchoke.

Pampu bolti nne, toka. Cheni hiyo hapo. Ona inavyocheza, naisukuma kwa kidole tu.

Kabla ya kutoa chochote, zungusha krenki mpaka alama ya gia ya chini na alama ya gia ya juu zitazamane. Alama ya krenki iko juu, alama ya kemu iko chini, nukta kwa nukta. Hapa niseme kisa kidogo. Mara ya kwanza nilimwambia Khalfan, "Weka nukta ya krenki saa sita." Mimi nimezaliwa Unguja, saa sita kwangu ni mchana, jua utosini, mishale yote juu. Yeye amezaliwa hapa, amesoma kwa Kiarabu, saa sita kwake mshale uko chini. Akaiweka chini, na akaniapia kwamba iko saa sita. Wote wawili tulikuwa sahihi na injini ilikuwa haiko sahihi. Tangu siku ile kwenye gereji hii hakuna saa, kuna juu na chini.

Cheni ikishatoka, krenki usiizungushe. Usiizungushe! Pistoni na valvu kwenye injini hii yenye kemu kubwa zinaweza kukutana, na zikikutana haziamkiani.

Gia ya krenki imebana kwenye pua, vuta kwa pula. Mpya ina vijia vitatu vya ufunguo, kile kichuma kinachoishika gia kwenye krenki: sifuri, kutangulia nyuzi nne za pembe, kuchelewa nyuzi nne. Kila kijia kina alama yake kwenye jino. Ukitumia kijia cha sifuri, fuata alama ya sifuri, usichanganye. Kuitanguliza kemu kunaleta nguvu chini, kuichelewesha kunaipeleka juu, lakini kama karatasi ya maelezo iliyokuja na kemu yako haikusema kitu, weka sifuri ukalale. Gia ipashe moto kidogo iingie bila vita. Mimi niliipasha kwenye oveni ya nyumbani, mke wangu hajanisemesha tangu Jumatano.

Ikishakaa, funga cheni na gia ya kemu pamoja, pini ya kemu iingie kwenye tundu lake. Tazama nukta: juu, chini, zinatazamana. Hii ni ya bolti moja: 75 Nm kwa spana ya kupimia, kisha izungushe nyuzi 50 zaidi. Ukikutana na LS1 ya bolti tatu, 35 Nm. Kile kiongozi cha plastiki katikati ya cheni badilisha pia, bolti zake 25 Nm. Kisha zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono, nukta zirudi zitazamane. Zikigoma, rudia. Usilazimishe.

Pampu. Irudishe, bolti ziwe legevu, zungusha krenki pampu ijitafutie katikati, halafu kaza 25 Nm.

Sasa sogeza kamera. Karibu zaidi. Khalfan, unapiga picha kiwiko changu. Hapa!

Oringi. Oringi mpya ipake oili. Ilinganishe na mfereji wa bomba, maana zipo nene na zipo nyembamba, na zote zinaingia. Nyembamba inavuta hewa, nene inakatika. Ingiza bomba kwa mkono, moja kwa moja, mpaka likae lote. Kwa mkono! Bolti bado. Watu wanaliacha nusu halafu wanalivuta kwa bolti. Bolti iko upande mmoja, kwa hiyo bomba linalala, oringi inabanwa upande mmoja na kukatwa. Huoni, husikii. Likishakaa wima ndipo unakaza, 12 Nm tu.

Mimi niliikata mwaka wangu wa kwanza. Injini ikawaka vizuri, mshale wa presha ya oili ukapanda polepole, nikasema ni oili nzito. Jamaa akaenda kuzunguka, pampu ikawa inakunywa hewa kwenye kona, beringi za krenki zikafa zote. Nililipa injini nzima kwa sababu ya oringi ya bei ya chai. Kwa hiyo ngoja... umeona? Nimelitoa tena kuhakikisha. Oringi nzima. Narudisha. Kwa mkono, wima, likae, ndipo bolti. Mkisahau yote mliyoyasikia leo, shikeni hilo.

Sampu, gasketi mpya, tone la silikoni kwenye pembe zinapokutana na kava. Kava na sili mpya. Puli usiigonge kwa nyundo, ivute kwa bolti ndefu ya M16. Kisha bolti ya zamani kaza mpaka 330 Nm puli ikae, itoe uitupe. Bolti mpya: 50 Nm, halafu nyuzi 140. Krenki tumeizuia kwa bapa la chuma nyuma. Khalfan, shika stendi. Shika! Bismillahi... mia na arobaini. Mgongo wangu.

Tumeruka, sasa ni kesho yake, injini iko ndani ya gari. Fyuzi ya mafuta imetolewa, tunapiga stata tu. Tazameni mshale wa oili. Bado... bado... huo, umenyanyuka. Haraka, haukusita. Rudisha fyuzi, washa.

Sikilizeni. Kopo la misumari limenyamaza.

Seti ninayouza mimi ina cheni, gia mbili, kiongozi, bolti mpya ya krenki, na oringi mbili za unene tofauti. Mkinipigia, nitumieni kwanza picha ya gia yenu ya kemu. Khalfan, zima, harufu ya mishikaki imeshafika huku.